Maji ya Pasifika

Padri aliyembatiza Nyambeki alikuwa na haraka ya kwenda kula, na haraka hiyo ndiyo iliyokuja kuharibu mvua ya wilaya nzima ya Kericho. Hivyo ndivyo walivyoamini watu wa Kambi ya Saba, na watu wa Kambi ya Saba wakishaamini jambo, kazi yako ni kuvua kofia na kukaa kimya.

Siku hiyo ya ubatizo, huko vilimani Kisii, watoto walikuwa wengi na majina ya watakatifu yalikuwa yameanza kumwishia padri. Akina Maria walishajaza benchi zima. Alipofika kwa Nyambeki akapekua kitabu chake, akakutana na Pasifika, akaeleza kwa Kiswahili chake cha Ulaya kwamba maana yake ni mtulivu, mpenda amani. Mtoto akampiga teke la kifua. Wazazi wakashukuru, padri akapangusa kanzu, na jina likabaki.

Mtulivu huyo akakua akigombana. Aligombana na mbuzi, akagombana na masista wa misheni, na alipoolewa na Mosoti akagombana na ukoo mzima wa Mosoti, mmoja mmoja, kwa zamu, bila upendeleo. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Wako wanaofurahi kwa kuimba. Yeye alifurahi kwa kubishana, na mtu aliyembishia vizuri alimpenda kwa dhati. Mosoti alimbishia vizuri sana. Walihamia Kericho pamoja wakati makampuni yalipokuwa yakitafuta wachumaji wa chai, wakapewa chumba Kambi ya Saba, njia ya kwenda Mogogosiek, na humo wakabishana kwa raha mustarehe, bila kujaliwa mtoto wa kuwaamulia.

Mosoti alifariki mwaka wa Uhuru, kwa homa ya mapafu. Bendera ikipandishwa, yeye alikuwa anateremshwa. Ndugu zake walimlilia vizuri sana, kisha wakagawana shamba lake vizuri zaidi, wakamwambia mjane asiye na mtoto kwamba sasa naye yuko huru, kama nchi. Pasifika akawaambia maneno ambayo hayaandikiki, akafunga sufuria zake kwenye shuka, akarudi kambini.

Alichuma chai mpaka goti likakataa kupanda miteremko. Hapo ndipo alipoanza kazi iliyompa sifa. Kericho ni baridi, asikudanganye mtu. Mchumaji hurudi jioni amelowa mpaka kwenye mifupa, na maji ya mto yanauma. Pasifika akapata pipa la mafuta, akalisugua kwa majivu, akalipandisha juu ya mafiga nyuma ya chumba chake, chumba cha mwisho kabisa cha ile safu ya vyumba tunayoiita laini, upande wa jua linakotua, akaanza kuchemsha maji ya kuoga. Mabachela wakaja na ndoo zao. Ikawa msemo: hujaoga mpaka umeoga maji ya Pasifika. Ofisi ikaona watu hawaumwi ovyo kama zamani, ikamwachia chumba.

Lakini maji yalikuwa kisingizio tu. Alichokipenda Pasifika ni ule moto, na watu waliouzunguka wakingoja maji yachemke. Hapo palibishaniwa kila kitu. Nani mchoyo zaidi, Mkisii au Mjaluo. Kama kweli Wamarekani walifika mwezini au walijificha tu mahali wakapigana picha. Kwa nini Mkipsigis akipewa chai bila maziwa huona ametukaniwa mama. Na mbishi mkuu alikuwa Kimutai, nyapara wa kambi, mwenye ufunguo wa stoo ya kuni. Kila jioni Kimutai alikuja kusema kuni zinaisha, na kila jioni Pasifika alimjibu kwamba zinazoisha ni akili za nyapara. Wakishaambiana hayo, siku ilikuwa imekamilika. Bila zile kelele Pasifika angebaki na pipa, goti bovu na picha ya Mosoti, na hilo alilijua vizuri kuliko alivyojua Baba Yetu.

Ukaja mwaka wa sabini na mbili, mvua ikakosa adabu.

Anayeijua Kericho anajua kwamba mvua ya huko kwa kawaida haina mambo mengi. Mchana ukigeuka, mawingu hukusanyika, hunyesha, kisha hutawanyika kama watu waliotoka kanisani. Mwaka huo Juni ikapita na vumbi, Julai ikafuata nyayo. Machipukizi yakakakamaa, majani yakapata rangi ya kutu, na vikapu vikafika kwenye mizani vimebeba hewa nyingi kuliko chai. Kampuni ikatangaza kwamba watu waongeze bidii. Chai, kwa ukaidi wake, haikusikia tangazo.

Ikabidi aitwe mtaalamu. Alitoka Nairobi, jina lake Joab Ogola, kijana wa upande wa ziwa aliyekuwa amesomea hali ya hewa ng'ambo mpaka ikamwingia puani: Kiswahili chake sasa kilitokea huko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na elimu nyingi na Kiswahili kichache cha kuibebea, na palipobaki pengo alichomeka Kiingereza. Alisimama juu ya kreti la soda kwenye uwanja wa mizani, akasafisha koo.

"Wananchi," akasema, "mvua yenu haipotelei hapa. Shida inaanza kwa osheni ya Pasifiki. Maji ya osheni ya Pasifiki ikipata joto, upepo inageuka, na mvua ya Kericho inaharibika."

Huko alikosomea Ogola, osheni ni bahari. Lakini Kambi ya Saba hakuna aliyewahi kuwa na shida na bahari, na osheni waliyoijua wao ilitokana na kuosha. Maji ya osheni ya Pasifika. Maji ya kuogea, basi. Shingo zote zikageuka kwa pamoja kumwelekea mwanamke aliyesimama nyuma kabisa, mkono kiunoni.

Kimutai akanyoosha kidole, kwa sauti ya mtu anayetaka haki itendeke, na kwa ulimi wa Kikipsigis unaobadilishana b na p. "Bwana, huyu Basifika unasema, ni mkupwa?"

"Mkubwa sana! Duniani hakuna mwingine mkubwa hivyo. Na mpana. Mpana kabisa!"

Wakampima Pasifika kwa macho, wakianzia kiunoni. Mtu wa pwani angesema ni kubwa, ni pana, na mwanamke wa watu angeokolewa na silabi moja. Lakini sisi wa bara viambishi tunavitia kama chumvi, kila mtu kwa kadiri ya ulimi wake. Kwetu nyumba ni mkubwa, kiti ni mkubwa, bahari ni mkubwa, na mama yako naye ni mkubwa.

"Iko wapi?" Kimutai akaendelea.

"Kule, upande wa jua kutua. Mwisho kabisa."

"Na jina, ilipewa na nani?"

"Wazungu," akasema Ogola, akafurahi kwamba hatimaye amepata watu wenye hamu ya kujua. "Walisema maana yake ni mtulivu. Lakini ukiijua vizuri, hakuna utulivu hapo. Ni fujo tupu!"

"Hiyo ni kweli kabisa!" akapiga kelele Gichana, bachela wa Kisii aliyekaa chumba cha jirani, kisha akajiziba mdomo.

"Na inaharibu mvua ya hapa peke yake?" Kimutai akauliza.

"Wapi! Hata India mwaka huu mvua imekataa. Ni hiyo hiyo Pasifiki."

Minong'ono ikapita. Mwanamke ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Kisumu, kutazama treni, alikuwa ameikausha India bila kuvua aproni. Wengine walimtazama kwa hofu, na wachache, tuseme ukweli, kwa fahari kidogo.

Pasifika mwenyewe alicheka kwanza, akidhani ni utani uliopangwa na Kimutai. Alipoona hakuna anayecheka naye, damu ikamchemka. "Wewe kijana!" akafoka. "Mimi nimekukosea nini?"

Ogola alikuwa mbali, akasikia nusu tu. Akaweka mkono kifuani. "Pole, mama," akasema kwa huruma. "Najua ukame imekuuma. Tutavumilia mpaka ipoe."

Watu wakampigia makofi.

Kimutai, kwa vile alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumhukumu jirani kwa ushahidi wa mtu mmoja. Akaenda ofisini kwa meneja, Mzungu waliyemwita Bwana Miwani, akasimama mlangoni kofia mkononi. "Bwana, ni kweli mvua inaharibiwa na Basifika?"

Bwana Miwani alikuwa amesoma gazeti asubuhi ile ile. "Dio," akasema bila kuinua kichwa. "Pasifiki. Mimi jua. Baya sana hii mwaka."

"Sasa tufanye nini?"

"Hapana weza fanya kitu. Ngoja maji pata baridi."

Rufaa ikawa imeishia hapo. Mtaalamu amesema, meneja amesema, na gazeti, ambalo Kimutai hakulisoma lakini aliliona mezani, halikukanusha.

Jioni wazee wa kambi wakaja nyuma ya chumba cha mwisho, wamevaa makoti ya Jumapili, maana uonevu nao unataka heshima yake. Pipa lilikuwa limeanza kutoa mvuke. Kimutai akatangulia.

"Mama Basifika, hatujakuja na ubaya. Tunaomba uzime tu modo. Mpaka mvua irudi."

"Kimutai, wewe umeoga haya maji tangu goti langu likatae miteremko. Mvua ilikuwa hainyeshi?"

"Ilikuwa inanyesha."

"Na moto ulikuwa hauwaki?"

"Ulikuwa unawaka." Kimutai akafikiri kidogo. "Labda ilikuwa inajikusanya."

Siku nyingine Pasifika angelipokea jibu hilo kwa furaha kama zawadi, wangelikokotana nalo mpaka giza liingie. Lakini safari hii Kimutai hakuwa anabishana. Alisema, akitazama viatu vyake, kwamba asipozima wataiomba ofisi itwae chumba chake, naye arudi kwao Kisii. Pasifika akawatazama mmoja mmoja, watu aliowaogesha miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyetukana. Hakuna hata aliyepaza sauti. Hilo ndilo lililomtisha.

Akachota maji ya pipa lenyewe, akamwagia moto wake. Majivu yakarukia makoti ya Jumapili, na wazee wakarudi makwao wameridhika, wakikohoa.

Baridi ya Agosti ya Kericho haina mzaha. Mabachela wakaogea mtoni wakipiga mayowe, wengine wakagundua kwamba kuoga kumetiliwa mkazo kupita kiasi, na chumba cha dawa kikajaa vifua. Yote hayo waliyavumilia kwa ajili ya taifa. Pasifika alikaa jioni kwenye kigoda chake mbele ya mafiga baridi. Alikuwa mpweke, na hakuona haya kujiambia hivyo. Mara moja Gichana alipita akinyata.

"Omong'ina," akanong'ona, akimwita mama kwa Kikisii, "mimi mambo yao sikuyaamini hata kidogo."

"Basi kaa tubishane."

"Siwezi. Wataniona."

Oktoba ikaingia, na mvua ikaingia nayo. Haikugonga mlango. Ilinyesha asubuhi, ikanyesha mchana, na usiku ikawa zamu ya ziada. Kambi ya Saba ikashangilia. Je, si walisema? Wamezima moto, mvua imekuja. Ndiyo, imechelewa wiki kadhaa, lakini moshi nao lazima upewe nafasi ya kutoka. Wazee wakaja kumshukuru Pasifika kwa ushirikiano wake.

Kisha shukrani zikaanza kuzidi. Barabara ya kiwandani ikawa uji. Daraja la kwenda mizani likaondoka na maji, na lori la chai likabaki ng'ambo likitazama kwao. Halafu ikaja mvua ya mawe, ikayapiga machipukizi mapya, mashamba yote yakabaki vijiti. Makoti ya Jumapili yakarudi tena nyuma ya chumba cha mwisho, yameloa.

"Mama," akasema Kimutai, "washa kidogo."

Pasifika aliwasha. Hakuwasha kwa ajili ya mvua. Aliwasha kwa sababu alikuwa ameukosa moto wake kama mtu anavyomkosa mtu. Mvua haikupungua hata tone. Wazee wakajadiliana, wakakata kauli kwamba mama bado ana kinyongo. Kesho yake akaletewa maziwa. Kesho kutwa akaletewa jogoo.

Ogola alirudi Novemba kutazama vipimo vyake, na gari lake likazama kwenye matope karibu na laini. Alifika kwa Pasifika kwa miguu, tope mpaka masikioni, na kwa vile hakuna mwenye akili anayemnyima mtu maji katika hali hiyo, Pasifika akampa ndoo ya maji ya moto. Mtaalamu akaoga maji ya Pasifika, akatoka anang'aa. Hapo mama akamkabili.

"Sasa niambie. Haya maji umeoga, ndiyo yaliharibu India?"

Ilichukua muda Ogola kuelewa. Alipoelewa alicheka mpaka akashikilia ukuta. Kisha akamwona uso, kicheko kikamwisha.

"Mama, wamekufanya nini?"

Akamweleza. Ogola akakaa chini kwenye gogo, akajishika kichwa, na haya ikamshika kwelikweli.

Kesho yake akaitisha baraza upya, chini ya paa la kiwanda, akatundika ramani. Safari hii alikuwa ameuliza Kiswahili cha kila kitu. Hii hapa Afrika, akasema, na haya yote ya buluu, ni bahari, na jina la bahari hii ni Pasifiki. Dunia nzima imezungukwa na hewa moja. Maji ya huko yakipata joto, hewa ya juu yake hupanda kwa nguvu, na ikipanda kule lazima ishuke mahali pengine. Pale inaposhuka, mawingu hayakai. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwetu mnamo Julai. Baadaye bahari yetu wenyewe, hii ya upande wa Mombasa, nayo hupata joto, upepo hugeuka, na unyevu wote hutupwa huku kwa pamoja. Huenda, akarudia, kwa maana hata wakubwa wa elimu hii ndio kwanza wameanza kuunganisha mambo. Kisha akamwomba Pasifika radhi mbele ya watu wote, kwa jina lake, na akamwita mama.

Kimutai akaenda mpaka kwenye ramani, akaigusa ile buluu kwa kidole. "Kumbe ni pahari," akasema. Watu wakaangua kicheko, wakachekana wao kwa wao mpaka machozi, na Gichana akaapa kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

"Sasa, bwana," mtu akauliza, "hiyo bahari tuifanyeje?"

"Hakuna la kufanya," akasema Ogola. "Iko mbali sana. Tunangoja tu."

Kicheko kikafifia. Watu wakatazamana, kisha wakaitazama ramani kama wateja walioonyeshwa nguo nzuri isiyouzwa. Wakatawanyika.

Pasifika hakuliona hilo. Alikwenda nyumbani moyo mwepesi, goti likasahau kuuma. Akachochea moto mapema, akapanga vigoda, akatayarisha maneno: Kimutai angesikia ya kusikia leo, kuanzia ile "labda ilikuwa inajikusanya". Mvua ilikuwa imepumzika tangu asubuhi na majani ya chai yalianza kuonyesha kijani.

Wakaja wote. Lakini hawakukaa. Walisimama mstari na ndoo zao, kofia mkononi, wakachota kwa zamu, wakasema asante mama, wakaondoka. Mwisho akafika Kimutai na mzigo wa kuni begani, kuni kavu, zilizochaguliwa, za akiba ya ofisi.

"Kimutai, ni bahari. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia, mama. Ni pahari."

"Basi?"

Kimutai akatua mzigo polepole. "Pahari iko mbali, hatuwezi kuiongelesha," akasema. "Wewe uko hapa."

Pasifika akachomoa ukuni mmoja. "Kuni zako mbichi."

"Pole, mama. Nitabadilisha."

"Na akili zako zinaisha!"

"Ni kweli, mama."

Akamchotea maji ya mto yaliyokuwa yakingoja kutiwa pipani, ambayo hayajapata moto bado, akamjazia ndoo na kumsukumia miguuni. Kimutai akatia kidole, akatikisa kichwa kwa shukrani. "Moto safi kabisa."

Pasifika akamsogelea. Akamshika mkono wa koti. "Nitukane, Kimutai," akasema. "Hata kidogo tu."

Kimutai akatazama kwanza juu, kwenye mawingu, kisha akatazama mteremko wa chai.

"Siwezi, mama," akasema. "Chai ndiyo inaanza kuchipua."